Majirani Wasiokubaliana Juu ya Tishio

Ndani ya miaka kumi na miwili nchi tatu zilezile zimepeleka askari mara mbili katika mkoa uleule kupambana na kundi lilelile, na matokeo yamekuwa kama usiku na mchana. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ziliunda brigedi iliyoingia Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Ilipofika Novemba mwaka huo, waasi wa M23 walikuwa wametangaza kuweka silaha chini, na wengi wa wapiganaji wao walikuwa wamevuka mpaka kuingia Uganda. Desemba 2023 nchi hizo tatu zilirudi, safari hii kwa jina la SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23 huku askari wa SADC wakiwa wamezingirwa kambini. Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14 katika mapigano ya siku zile, na Malawi na Tanzania nazo zilizika vijana wao. Tarehe 13 Machi wakuu wa nchi za SADC waliamua kukivunja kikosi, na kuanzia mwishoni mwa Aprili askari wakaanza kuondoka kwa barabara, wakipita Rwanda hadi Chato, Tanzania. Tunapaswa kujiuliza kwa makini kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili, kwa sababu jibu lake linatueleza ni nini hasa huwaunganisha majirani katika ulinzi, na ni nini huwatenganisha hata wanapokuwa wamesaini mikataba ya kusaidiana.

Jibu la haraka ni fedha na zana, na lina ukweli mwingi. Brigedi ya 2013 ilizaliwa na azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, lililoruhusu askari 3,069 na kuwapa jukumu la kuyashambulia makundi yenye silaha badala ya kusimama tu katikati. Umoja wa Mataifa ndio uliobeba gharama. Palikuwa na mizinga, palikuwa na makomandoo, na baadaye zikaja helikopta za mashambulizi za Afrika Kusini aina ya Rooivalk, ambazo zilisaidia sana kuwang'oa waasi katika vilima walivyokuwa wamejichimbia. Kikosi cha SADC cha 2023 kilitarajiwa kuwa na askari wapatao 5,000, na Afrika Kusini peke yake iliahidi 2,900, lakini idadi hiyo haikufikiwa. Helikopta za mashambulizi hazikuwepo. Bajeti ilitegemea mifuko ya nchi zilizochangia askari, na ilikuwa Agosti 2024 tu ndipo Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2746, lilipoiruhusu MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kukisaidia kikosi hicho kwa ugavi na mahitaji mengine. Askari anayepelekwa vitani bila ulinzi wa anga, bila uhakika wa risasi na bila njia ya kuwaondoa majeruhi ametumwa kufanya kazi isiyowezekana, hata awe hodari kiasi gani.

Hata hivyo, naomba tusiishie hapo. Fedha na zana ni matokeo ya kitu kingine kilichotangulia. Hoja yangu leo ni kwamba majirani hushirikiana kijeshi kwa dhati pale tu wanapokubaliana tishio ni lipi na linatoka wapi. Palipo na makubaliano hayo, fedha hutafutwa hadi zikapatikana, na tofauti za siasa huwekwa kando. Yanapokosekana, udugu, itifaki, mazoezi ya pamoja na hotuba za mikutano ya wakuu haviwezi kuziba pengo lake, na kikosi kinachoundwa katika hali hiyo hubeba ndani yake ugomvi wa waliokiunda.

Tuanze na ushahidi wa upande unaofanikiwa. Mwishoni mwa 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza inapata uhuru, ilifunga mkataba wa kujihami na Ethiopia. Kwa hali ya kawaida nchi hizo mbili hazikuwa na mengi ya kuziunganisha. Moja ilikuwa himaya kongwe ya Haile Selassie, nyingine taifa changa lililotoka mikononi mwa Waingereza. Kilichozikutanisha ni madai ya Somalia ya wakati ule kwamba maeneo yote wanayokaa Wasomali, yakiwemo Ogaden na kaskazini mashariki mwa Kenya, yawe nchi moja. Kenya ilikuwa inaingia katika vita vya Shifta, na Ethiopia ilikuwa na hofu hiyohiyo upande wake wa mpaka. Mwaka 1974 mfalme alipinduliwa, na Addis Ababa ikashikwa na wanajeshi waliojiita wafuasi wa Marx na kuegemea Moscow, wakati Nairobi ikiendelea kuwa rafiki wa Marekani na Uingereza. Ungetarajia mkataba ufe. Badala yake, baada ya vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, nchi hizo ziliuhuisha mwaka 1979. Itikadi zilikuwa zinazitenga kabisa, lakini hofu yao ilikuwa moja, na mkataba ukadumu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi kwa wakati. Novemba 2021 mabomu yalilipuka katikati ya Kampala, na serikali ya Uganda ikawalaumu ADF, kundi lenye asili ya Uganda ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiwaua raia wa Kongo katika Beni na Ituri. Kabla mwezi huo haujaisha, jeshi la Uganda lilivuka mpaka kwa ridhaa ya Kinshasa, na operesheni iliyopewa jina la Shujaa ikaanza. Fikiria historia iliyokuwa kati ya nchi hizo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kuitia hatiani Uganda kwa uvamizi wake Kongo kati ya 1998 na 2003, na Februari 2022, operesheni ikiwa inaendelea, mahakama hiyo iliiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325. Mdai na mdaiwa wa kesi hiyo nzito walikuwa bega kwa bega msituni. Sisemi kwamba Shujaa imemaliza tatizo, maana ADF wameendelea kuchinja wanavijiji, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeishutumu Uganda kwa kuwaachia nafasi M23 upande mwingine, madai ambayo Kampala inayakana. Ninachosema ni kwamba ushirikiano huo umedumu kwa miaka mingi kuliko kikosi chochote cha kikanda kilichoingia Kongo katika kipindi hiki, na sababu yake ni kwamba juu ya ADF hakuna anayembishia mwenzake.

Sasa tuangalie upande wa pili, ambao unatuhusu zaidi kama wana Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 125, unazitaka nchi wanachama zishirikiane kwa karibu katika ulinzi. Mwaka 2012 ikasainiwa itifaki ya ushirikiano katika masuala ya ulinzi, nayo ikafungua mlango wa mkataba kamili wa kujihami kwa pamoja. Majeshi yetu hufanya mazoezi ya pamoja yanayoitwa Ushirikiano Imara. Kwa karatasi na kwa maandalizi, basi, hatukuwa watupu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokubaliwa kujiunga, Machi 2022, jaribio la kwanza lilifika mara moja. M23, waliokuwa wameibuka upya mwishoni mwa 2021, waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022, na siku chache baadaye wakuu wa nchi wakakubaliana jijini Nairobi kuunda kikosi cha kanda. Kenya haikusubiri mfadhili. Bunge lake liliidhinisha askari zaidi ya 900 na zaidi ya shilingi bilioni 4 za nchi hiyo, na Novemba wanajeshi wake wakatua Goma. Burundi, Uganda na Sudan Kusini nazo zikapeleka askari.

Kwa hiyo fedha ilikuwepo, angalau ya kuanzia. Kilichokosekana kilionekana katika miezi ya kwanza tu. Kinshasa iliamini imewaita majirani waje kuwapiga M23. Wakuu wengine wa Jumuiya waliona kikosi kiko pale kusimamia usitishaji wa mapigano, kupokea maeneo ambayo waasi wangeyaachia na kufungua njia ya mazungumzo. Rwanda, ambayo ni mwanachama wa Jumuiya, ilizuiwa na Kinshasa kushiriki kwa sababu Kinshasa ilimwona jirani huyo ndiye mwenye vita. Kigali nayo ilikuwa na maelezo yake, kwamba hatari iliyopo ni FDLR, kundi ambalo ndani yake wamo waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na kwamba jeshi la Kongo linashirikiana nalo. Wananchi wa Goma waliandamana kulilaani jeshi la Jumuiya kwa kutopigana. Aprili 2023 kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, alijiuzulu akieleza kuwa usalama wake ulitishiwa na kazi yake kuhujumiwa. Kongo ilikataa kuongeza muda, Desemba mwaka huohuo askari wa Jumuiya wakafunga virago, na SADC ikaingia. Serikali ya Kongo, mwanachama wa jumuiya zote mbili, iliondoka kwa walioshindwa kupigana vita kama inavyotaka, ikaenda kwa wale iliowatarajia wapigane.

Na hapo ndipo ubaya wa kutokubaliana unapozidi. Wakati askari wa Tanzania, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wako Kivu kwa jina la SADC, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya katikati ya 2024 ilikadiria kuwa wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa upande wa M23, jambo ambalo Rwanda inalikana ikisema imechukua hatua za kujihami tu. Burundi ilikuwa imepeleka askari wake kupigana pamoja na jeshi la Kongo, na Januari 2024 ilifunga mpaka wake na Rwanda. Nchi za jumuiya moja, zilizosaini itifaki moja ya ulinzi, zilijikuta katika pande zinazokabiliana kwa bunduki. Hili linaniumiza, na nadhani linapaswa kumuumiza kila anayeitakia heri Jumuiya yetu. Hatuwezi kulieleza kwa uhaba wa petroli na helikopta.

Mtu atanipinga kwa mfano wangu mwenyewe na kusema kwamba hata 2013 hapakuwa na umoja. Ni kweli, rais wa Tanzania wa wakati ule, Kikwete, alipopendekeza Mei mwaka ule kwamba Rwanda izungumze na FDLR, Kigali ilikasirika sana na uhusiano ukachafuka. Lakini juu ya M23 hasa, mambo yalikuwa yamekwisha kuwekwa sawa. Februari 2013 nchi 11, zikiwemo Rwanda na Uganda, zilisaini mjini Addis Ababa makubaliano ya kutoyaunga mkono makundi yenye silaha katika nchi jirani. Wafadhili kadhaa wakubwa walikuwa wamezuia misaada yao kwa Rwanda tangu 2012. M23 wenyewe walikuwa wamegawanyika na kupigana wao kwa wao. Brigedi iliposonga mbele na jeshi la Kongo mwezi Oktoba, ilikuta kundi lililobaki peke yake. Na tunapaswa kukumbuka vilevile kwamba ushindi huo haukudumu. Wapiganaji walikaa kambini Uganda na Rwanda kwa miaka, ahadi zilizotolewa Nairobi Desemba 2013 hazikutekelezwa ipasavyo, swali la FDLR na la wakimbizi wa Kongo likaachwa likining'inia, na kundi likarudi. Kwa maneno mengine, makubaliano ya 2013 yalitosha kushinda vita ya miezi michache, lakini hayakufika kwenye mizizi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanaoamini katika hatua ndogondogo. Wanasema maafisa wakisoma vyuo vimoja, wakifanya mazoezi pamoja na kufahamiana, kuaminiana kutakuja kwenyewe na siasa itafuata. Nawaheshimu wenye mtazamo huu, na sitaki mazoezi ya Ushirikiano Imara yafutwe. Mnadhimu anayemjua mwenzake wa nchi jirani kwa jina na kwa namba ya simu anaweza kuzuia mapigano yanayotokana na kutoelewana tu mpakani. Lakini maafisa wa kanda hii wamefahamiana kwa miongo mingi, na baadhi ya viongozi wa Rwanda na Uganda walipigana msitu mmoja miaka ya themanini. Mwaka 2000 majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Kisangani, ndani ya nchi ya watu wengine, na raia wa Kongo wakafa kwa mamia. Kufahamiana kwa makamanda hakukuwa kinga pale maslahi ya serikali zao yalipogongana.

Wa tatu watasema tatizo ni utitiri wa jumuiya. Tanzania na Kongo ziko Jumuiya ya Afrika Mashariki na ziko SADC. Kuna Kikosi cha Dharura cha Mashariki mwa Afrika chenye makao yake Nairobi, kilichotangazwa kuwa tayari mwishoni mwa 2014, ambacho Tanzania haimo. Kuna Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu. SADC yenyewe ina mkataba wa kujihami uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, unaosema shambulio dhidi ya nchi moja ni tishio kwa kanda nzima na linastahili kukabiliwa kwa pamoja. Nakubali kwamba utitiri huu unampa kila mwenye kesi nafasi ya kuhama baraza hadi ampate hakimu anayempenda. Februari 2025 jumuiya hizo mbili zilikaa pamoja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kujadili Kongo, na ilikuwa hatua ya busara. Ila kuunganisha mabaraza hakuondoi swali la tishio. Kunalihamishia kwenye meza kubwa zaidi, yenye wajumbe wengi zaidi wasiokubaliana.

Pingamizi lililo zito kuliko yote, na ambalo sina jibu rahisi kwake, ni hili: tukisubiri wakuu wa nchi wakubaliane, watu wa Kivu watakufa wakati sisi tunasubiri. Mama aliyekimbia vita pembeni mwa Goma hahitaji mhadhara juu ya masharti ya ushirikiano. Anahitaji askari kati yake na mwenye bunduki. Nalikubali hilo kwa moyo wote. Lakini tujiulize alichopata kutokana na vikosi viwili vilivyokwenda kabla ya makubaliano. Alipata kwanza jeshi ambalo serikali yake ililifukuza, kisha jeshi lililozingirwa, na mwisho mapigano yaliyofika mtaani kwake. Kupeleka askari wakati waliowatuma wanavutana ni kumwingiza mgonjwa na madaktari wote katika chumba cha upasuaji kabla ya kukubaliana ni kiungo gani kinachouma. Kama hali inadai tuende haraka, twende kwa kazi iliyo ndogo na iliyo wazi: kulinda kambi zinazotajwa kwa majina, kulinda barabara ya chakula, na kukagua mipaka na kutangaza kinachoonekana. Kanda yetu ilianzisha chombo cha ukaguzi wa mipaka wa pamoja mjini Goma mwaka 2012, chini ya Mkutano wa Maziwa Makuu. Kingepewa ndege zisizo na rubani, watumishi wa kutosha, na amri ya kuchapisha ripoti zake badala ya kuzipeleka kwa serikali zilezile zinazochunguzwa, kingekuwa na faida kubwa kuliko kikosi kisicho na lengo.

Ndiyo maana makubaliano ya Kongo na Rwanda yaliyosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, pamoja na udhaifu wake mkubwa, yana kitu kimoja ambacho vikao vyetu vilishindwa kukiandika. Yanaziweka hofu mbili katika ukurasa mmoja: FDLR wadhibitiwe, na Rwanda iondoe inachokiita hatua za kujihami, huku chombo cha pamoja cha usalama kikifuatilia yote mawili. Inasikitisha kwamba ilibidi kuandikwa ng'ambo. Sitaki kuyapamba, kwa sababu vita havikukoma kwa saini hiyo, na M23 hawakuwa upande uliosaini. Lakini mpangilio wake wa mambo ni sahihi. Kwanza kila upande unataja kinachoutisha, na mwenzake anakiri kwamba hofu hiyo ina msingi. Askari wanafuata baadaye.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kujirekebisha bila kusubiri mtu. Wakuu wake huamua mambo kwa kauli moja, na katika biashara utaratibu huo unaeleweka, lakini katika ulinzi una maana kwamba mwenye ugomvi ana turufu juu ya maamuzi ya ugomvi wake mwenyewe. Mkataba wa kujihami ambao itifaki ya 2012 iliuahidi ukiandikwa, uwe na kifungu kinachomwondoa mhusika wa mgogoro katika kura, na kifungu kingine cha nini kinafanyika mwanachama anapomtuhumu mwanachama, maana mkataba unaodhani adui atatoka nje tu haulingani na historia ya kanda hii. Na mabunge yetu, kuanzia Dodoma na Nairobi hadi Bujumbura na Kampala, yatumie nguvu zao za bajeti kudai maelezo kabla askari hawajapanda ndege: nani hasa wanakwenda kumkabili, nani kati ya majirani hakubaliani na jibu hilo, nani atalipa fedha za kwanza zitakapokwisha, na kwa njia gani watarudi nyumbani mambo yakiharibika. Serikali isiyoweza kuyajibu maswali hayo mbele ya kamati ya bunge, hata kwa faragha, bado haijawa tayari kuwatuma, na mbunge anayepiga kura ya ndiyo bila majibu hayo anachukua sehemu ya dhamana ya watakaorudi majeneza yao yakiwa yamefunikwa bendera.